Ndege Mlembe na Miito ya Warina Asali

Ndege mlembe humjia mtu porini, hulia bila kutulia, huruka mti hata mti, na mwenye kumfuata hufikishwa penye nyuki. Asali ni ya mtu. Ndege hula nta na majana. Padre João dos Santos, mtawa wa Mtakatifu Dominiko aliyekaa Sofala, alikwisha kuyaeleza hayo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1609, akataja pia kwamba ndege hao waliingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa.

Tabia hii imetokana na uhitaji. Mlembe aweza kumeng'enya nta, jambo wasiloliweza wanyama wengi, lakini hana nguvu za kupasua mti. Mtu ana shoka na moto, ila hajui nyuki walipo. Katika nchi ya Waborana, kaskazini ya Kenya, Isack na Reyer walionyesha mwaka 1989 kwamba mrinaji asiye na ndege alitafuta kwa wastani saa 8.9, na mwenye ndege saa 3.2. Kwa vizazi vingi mlembe aliyeongoza vema alishiba, akaacha uzao wenye silika ile ile.

Wala hafundishwi na mamaye. Mama hutaga katika viota vya ndege wa mashimoni, kama keremkerem, na kinda lake, lingali kipofu, huwaua makinda wenyeji kwa kulabu za mdomo. Basi kuongoza ni jambo la kuzaliwa nalo. Na mwito je? Hapa yatupasa sisi wapenda lugha kutega sikio. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno: brrr-hm. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupiga mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Wood walieleza kwamba mlembe wa Uhadzabe huitikia mluzi huo zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Wa Niassa huupenda wa Kiyao karibu mara mbili. Mwito, basi, ndege hujifunza kwa watu wa mahali.

Ujira nao hutofautiana. Wayao humwekea nta juu ya majani. Wahadzabe huichoma au kuifukia, ili ndege akae na njaa azidi kuongoza. (Mgeni aweza kuuita uchoyo; sisi twaona ni hesabu ya mwindaji.)

Penye sukari dukani watu huacha kurina, na huko mlembe naye huacha kuwaita. Twawaomba waalimu wawaulize wazee wa kwao mwito wao, wauandike pamoja na sauti yake, maadamu wapo wanaoukumbuka.