Bibi Aliyekataa Kulinyamazia Fungu la Mabinti

Majuma matatu yaliyopita tulimzika bibi yetu, Allah amrehemu. Waliofika matangani walimtaja kwa namna mbili: wapo waliosema alikuwa mama wa haki, na wapo waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa na ulimi mkali. Sisi wajukuu wake hatukubishana na yeyote, kwani kauli zote mbili zilikuwa za kweli.

Babu alipofariki, bibi akiwa ndani ya eda, wazee wa ukoo walikutana barazani kuizungumzia nyumba. Rai yao ilikuwa kwamba nyumba waachiwe watoto wawili wa kiume, maana mabinti watatu wameolewa na wana waume wa kuwatunza. Baba yetu alikuwa mmoja wa hao wawili, naye akanyamaza. Ndipo sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia: “Nyumba hii ina mafungu manane. Moja langu, mawili mawili ya wanangu wa kiume, na moja moja ya mabinti zangu. Asiyejua hesabu akaulize msikitini.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni. Kinachobaki hugawiwa watoto, wa kiume akapata mara mbili ya wa kike. Wazazi wa babu walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, hivyo mafungu yalitimia manane bila kuzidi wala kupungua. Bibi hakuomba nyongeza. Alidai kile ambacho Mola wake alikwisha kukigawa katika Surat An-Nisaa.

Wazee waliondoka wakinung’unika kuwa mwanamke huyu hana haya. Lakini Khawla bint Thaalaba, mumewe Aws bin Samit alipomtamkia kuwa kwake ni kama mgongo wa mama yake, kauli iliyokuwa talaka ya zama za Jahiliya, alimwendea Mtume (S.A.W.) akajadiliana naye na kumshitakia Allah. Hakukemewa. Iliteremshwa Surat Al-Mujaadila, na jina la sura hiyo latokana na kujadiliana kwake. Kuinyamazia dhulma, basi, hakuwezi kuitwa haya.

Hatusemi kwamba bibi hakukosea. Mama yetu, aliyekuwa mkwewe, alilizwa na maneno yake zaidi ya mara moja. Lakini asubuhi yake bibi angemwendea jikoni na kumwambia, “Mwanangu, nisamehe; jana nilivuka mpaka.”

Baada ya kuvunja tanga na kulipa madeni yake, tulikaa kugawa alichokiacha: thumuni yake ya nyumba na bangili zake. Mzee mmoja akashauri kwamba, kwa kuwa mali yenyewe ni kidogo, ibaki kwa wanaume ili kuepusha usumbufu. Tulitazamana. Mashangazi waliinamisha vichwa. Nasi, tuliozoea kuyasema mambo haya msikitini, tukajikuta hatuna kauli. Nyuma ya pazia palikuwa kimya.

Ndipo mjukuu wa kike, aliyekuwa akiandaa kahawa, akasema taratibu: “Bibi angesema mafungu saba.”

Baba yetu, yule aliyenyamaza mwaka ule, aliinua kichwa. “Kweli,” akasema. “Saba. Andikeni.”

Tukaandika. Allah ailaze roho yake mahali pema, na atujaalie ndimi zisizonyamaza pale haki inapodaiwa. Amin.