Wanunuzi walipoisusia kampuni ya maziwa ya kopo

Mwaka 1977, familia nyingi nchini Marekani ziliacha kununua kahawa na chokoleti za Nestlé. Hazikuwa na ubaya. Kilichowakera ni matangazo ya maziwa ya unga yaliyowashawishi kina mama wa nchi maskini kuacha kunyonyesha. Maji ya kukorogea hayakuwa salama, na wengi waliyafanya mepesi ili kopo lidumu. Watoto waliharisha na kukonda.

Mei 1981, nchi 118 ziliunga mkono kanuni za Shirika la Afya Duniani (WHO) za kudhibiti matangazo hayo. Marekani pekee, ambako kampuni za maziwa zilikuwa zimeibana serikali, ilipiga kura ya kupinga.

Wanunuzi hawakulegea. Mwaka 1984 Nestlé iliahidi kufuata kanuni. Ilipodaiwa kuzikiuka, ilisusiwa tena 1988.

Leo Tanzania na Kenya zina sheria za kudhibiti matangazo hayo. Hivyo mzazi, ukipewa kopo la bure, jiulize nani anafaidika. WHO inashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Ukishindwa kunyonyesha, usione aibu; muone mhudumu wa afya.