UZI: Mashine ya kupima moyo imefika. Halafu?

1/ Kila kampeni ni ile ile. Huyu: "Tumewaletea mashine ya kisasa!" Yule: "Imelala tu!" Mimi si daktari, nasomea siasa, lakini hii stori ilifika hadi kwetu Buruburu. Twende polepole, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Mzee jirani yetu kwa court alikuwa akipanda ngazi kifua kinambana. Hospitali ya kwanza ilikuwa na CT, lakini akaambiwa aende kwingine, hiyo haipimi moyo. Nikasema ni uzembe. Kumbe si kila CT inaweza.

3/ Moyo hautulii. Kupiga picha ya mishipa inayoulisha damu kunataka mashine ya kasi, ya safu 64 kwenda juu, inayofuata mapigo. Wengi hupewa dawa ya kupunguza mapigo, halafu hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kwa hivyo figo huangaliwa kwanza. Mwisho lazima kuwe na mtaalamu wa kusoma hizo picha.

4/ Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kukodisha vifaa kwa hospitali 98 kote nchini. Seneti ilipochunguza baadaye, ilikuta vingine vimekaa bure: hakuna wahudumu, hakuna umeme wa kutosha. Sababu? Mkataba ulitoka Nairobi, lakini chini ya Katiba ya 2010 wahudumu wengi wa hospitali hizo wanaajiriwa na kaunti. Ndiyo maana kila upande unamrushia mwenzake mpira.

5/ Na picha inasaidia kweli? Uskoti walifuatilia watu 4,146 wenye maumivu ya kifua. Baada ya miaka 5, waliopata mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 2.3 kwa waliopigwa CT ya moyo, na 3.9 kwa wengine. Picha haikuponya mtu. Ilionyesha nani aanzishiwe dawa mapema.

6/ Kwa hivyo, mkutanoni uliza:
– Hii mashine inapima moyo, ama kichwa tu?
– Nani anasoma picha?
– SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara. Hapa inalipia ngapi?
– Baada ya majibu, dawa ziko?

7/ Mzee alipimwa hatimaye. Mshipa mmoja umeanza kuziba. Siku hizi anatembea jioni hadi Mutindwa, na dawa anameza kila siku. Picha ilikuwa ya mara moja, dawa ni za maisha. Na sijaona mtu akizikatia utepe.