Sheria ya kazi Burundi: Je, mvuvi wa Rumonge analindwa?

Usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi huondoka Rumonge ikiwa na taa, kwenda kuvua ndagala na mukeke katika Ziwa Tanganyika. Alfajiri samaki huuzwa, gharama za mafuta huondolewa, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Kwa kawaida mapatano huwa ya mdomo tu. Je, mvuvi akiumia au akinyimwa haki yake, sheria inamtambua kuwa mfanyakazi?

Nini kilibadilika?

Tarehe 24 Novemba 2020, Burundi ilitangaza Sheria ya Kazi mpya iliyorekebisha ile ya Julai 1993. Badiliko kubwa ni kwamba ulinzi wake sasa unafika hadi kwenye sekta isiyo rasmi, ambako wapo vibarua wengi wa mwambao huo: wavuvi, wapakuzi wa mizigo, na wanaokamua mawese katika viwanda vidogo.

Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16. Kazi nyepesi zinaruhusiwa kuanzia miaka 15. Kwa hiyo, kumtuma mtoto wa miaka 12 kuvuta nyavu usiku ni kosa, hata kama hakuna kampuni iliyosajiliwa.

Mgao au mshahara?

Hapa ndipo penye utata. Mfanyakazi ni mtu anayefanya kazi chini ya uongozi wa mwingine kwa malipo. Mwenye chombo anaweza kudai kwamba wavuvi wake ni washirika, kwa kuwa wanapokea mgao wala si mshahara. Lakini jina la malipo si hoja pekee. Yapo maswali ya kujiuliza: Nani anaamua saa ya kwenda ziwani? Nyavu na injini ni za nani? Nani ana uwezo wa kumwondoa mwenzake kazini? Ikiwa majibu yote yanamwelekea mtu mmoja, ni vigumu kwake kukana kwamba yeye ni mwajiri.

Pengo jingine ni kima cha chini cha mshahara. Kile kilichowekwa mwaka 1988 ni faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 mikoani. Kwa bei za leo, fedha hizo hazitoshi hata kununua fungu la ndagala.

Mfanyakazi afanye nini?

Mgogoro wa mtu binafsi huanzia kwa mkaguzi wa kazi, ambaye hujaribu kuzipatanisha pande mbili kabla ya shauri kufika mahakamani. Pasipo mkataba, ushahidi ndio silaha: daftari la siku za kazi na fedha zilizopokelewa, pamoja na wenzake waliokuwa chomboni. Aidha, Burundi iliridhia mwaka 1993 Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama vyao.

Kikwazo kingine ni lugha. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, ilhali sheria ya lugha ya mwaka 2014 haikukiweka Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi. Mvuvi anayezungumza Kiswahili Rumonge hulazimika kumtegemea mtu wa kumsomea haki zake, na mara nyingine msomaji huyo ndiye mwenye chombo.