Urani Katika Kalsiti na Miamba ya Kabonati

Maswali ya mada hii hukutaka utofautishe mambo mawili: urani iliyo *ndani* ya fuwele ya kalsiti, na urani iliyo *pamoja* na kalsiti katika mwamba mmoja. Watahiniwa wengi huandika kwamba "urani huchukua nafasi ya kalsiamu", wakaishia hapo. Jibu hilo halitoshi.

1. Urani husafiri vipi?

Miamba ya itale huwa na urani kidogo. Mvua na hewa vinapoivunjavunja, oksijeni huigeuza urani kuwa ioni ya uranili, UO₂²⁺, inayoyeyuka katika maji. Maji ya ardhini yana pia kabonati, itokanayo na gesi ya CO₂ iliyomo kwenye udongo. Kabonati huishika uranili, na kufanya ioni kubwa kama UO₂(CO₃)₃⁴⁻. Ikiwa katika hali hiyo, urani huweza kusafiri mbali. Pasipo na oksijeni, urani huwa U⁴⁺, ambayo huyeyuka kwa shida sana.

2. Huingiaje katika kalsiti?

Maji yakipoteza CO₂, kalsiti hujengeka:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Ndivyo unavyopatikana utando mweupe katika sufuria ya maji magumu, na ndivyo zinavyokua nguzo za mapango ya Amboni, Tanga. Fuwele inapokua hunasa urani, lakini kidogo tu, kwa sababu mbili:

(a) Uranili iliyoshikwa na kabonati huelekea kubaki majini.

(b) Uranili ina umbo la kijiti kilichonyooka, O–U–O. Nafasi ya kalsiamu katika kalsiti imezungukwa na oksijeni sita tu, hivyo kijiti hicho hakikai vizuri.

Aragoniti ina fomula ileile, CaCO₃, ila nafasi yake ya kalsiamu imezungukwa na oksijeni tisa. Ndiyo maana matumbawe, ambayo mifupa yake ni aragoniti, huwa na urani ya kiasi cha sehemu 2 hadi 3 katika milioni, kiwango kinachozidi kile cha kalsiti nyingi.

Zingatia: U⁴⁺ si kijiti, na ukubwa wake unakaribia ule wa Ca²⁺. Hiyo ndiyo inayoweza kukaa katika nafasi ya kalsiamu, mradi chaji ya ziada isawazishwe.

3. Mfano: Titye na Bahi

Titye, wilayani Kasulu, iko katika nyanda za juu zenye mvua nyingi. Mito mingi ya Kasulu na Kibondo huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji katika Ziwa Tanganyika. Katika nchi ya namna hii, kilichoyeyuka huelekea kuchukuliwa na maji na kwenda zake.

Bahi, mkoani Dodoma, ni bonde kame. Mto Bubu huishia humo. Maji hayatoki, hukaushwa na jua. Kalsiti hujengeka katika udongo na kuwa tabaka gumu liitwalo kalkriti. Kabonati inapopungua majini, uranili huachiwa. Ikikutana na potasiamu na vanadiamu, hufanya madini ya njano yaitwayo kanotiti, K₂(UO₂)₂(VO₄)₂·3H₂O. Kanotiti hujaza nyufa za kalkriti na kupaka chembe zake. Urani ya namna hii imepatikana Bahi na Manyoni. Ni madini yanayojitegemea, si sehemu ya fuwele ya kalsiti.

4. Umuhimu wake

*Umri wa miamba.* Thoriamu karibu haiyeyuki majini, hivyo kalsiti mpya huanza na urani bila thoriamu. Baadaye urani-234 huzaa thoriamu-230, yenye nusumaisha ya miaka 75,600 hivi. Kwa kupima thoriamu iliyojikusanya, wataalamu hukadiria umri hadi miaka 500,000 hivi, ikiwa fuwele haikupoteza wala kuongezewa urani.

*Usalama wa maji.* Urani nyingi katika maji ya kunywa hudhuru figo. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 30 kwa lita. Urani haionekani kwa macho katika maji, na kuyachemsha hakuyafanyi kuwa salama. Kinachohitajika ni kipimo cha maabara. Lakini usihukumu kila jiwe la chokaa kuwa hatari, kwani kwa kawaida urani iliyonaswa humo ni chache mno.

Swali la mfano

Kwa nini kabonati husaidia urani kusafiri, na pia hupatikana pale urani inapotua? (Alama 4)

Jibu: Ikiwa imeyeyuka, kabonati hushika uranili na kuiweka majini (alama 2). Maji yakikauka na kupoteza CO₂, kabonati hutua kama kalsiti, na uranili iliyoachwa hunaswa kidogo katika fuwele au hufanya madini yake yenyewe (alama 2).

Jipime

1. Eleza kwa nini aragoniti hunasa urani nyingi kuliko kalsiti.
2. Taja masharti matatu yaliyowezesha kanotiti kutokea Bahi.
3. Maji yamepenya katika nguzo ya pango na kuondoa sehemu ya urani. Je, umri utakaokadiriwa utazidi au utapungua kuliko umri halisi? Toa sababu.