Magonjwa nyemelezi: adui anayengoja mlinzi asinzie

Umepanda basi la asubuhi kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Baridi ya huku juu inauma, kwa hiyo madirisha yote yamefungwa. Abiria mmoja anakohoa mfululizo. Kama ana kifua kikuu (TB), unaweza kuvuta bakteria wake. Je, ndiyo umeshaugua? La, si lazima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa TB, na wengi wao hawataugua kamwe. Kwa nini? Kwa sababu seli za kinga kwenye mapafu huwazingira bakteria hao na kuwafungia. Wanabaki hai, ila wamelala. Na wanaowaamuru walinzi hao wakaze ulinzi ni seli nyeupe za CD4.

Sasa VVU vikiingia, vinashambulia CD4 zenyewe: vinazaliana ndani yake na kuziua. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Bila dawa, zinapungua kidogo kidogo kwa miaka, na mwenyewe anaweza asihisi chochote. TB inaweza kuamka mapema tu. CD4 zikishuka chini ya 200, aina fulani ya nimonia inayoletwa na fangasi hupata nafasi. Chini ya 100, fangasi anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa anaweza kushambulia utando wa ubongo. Ndiyo maana yakaitwa magonjwa nyemelezi: yananyemelea, yakiona upenyo yanaingia.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunanunua dawa ya kikohozi dukani, ikiisha tunanunua nyingine, huku aliyelala ameshaamka. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kapimwe makohozi. Kwa anayeishi na VVU, usisubiri hata hizo wiki mbili. Vituo vya serikali hupima na kutibu TB bure. Pima na VVU pia. Tangu 2016, Tanzania humwanzishia ARV kila anayekutwa navyo, bila kungoja CD4 zishuke. ARV haziui bakteria wa TB. Huyo ana dawa zake. Zinachofanya ni kumrudisha mlinzi kazini.