Nidhamu haina udugu na adhabu

Kila ninapoitwa kuzungumza na wazazi, iwe Malindi mjini, Gede au Kilifi, swali ni lile lile: "Mwalimu, nidhamu na adhabu si neno moja? Basi nidhamu itapatikanaje bila kiboko?" Nimelijibu hadi nimechoka. Maneno hayo si ya ukoo mmoja, na anayeshikilia kwamba yanafanana amedanganywa na sikio.

Kiswahili kimeziunganisha sauti ambazo Kiarabu kinazitenga. Dh ya adhabu ni dhali. Ya nidhamu ni dha, herufi nzito. Mtoto aliyehitimu herufi madrasani hazichanganyi. Mzizi wa adhabu unahusu mateso. Mzizi wa nidhamu unahusu kupanga vitu vifuatane, na hasa kutunga lulu uzini. Ndiyo maana washairi wa kale walisema kunudhumu, yaani kutunga shairi. Kiswahili chenyewe kina wazo hilo hilo: tunatunga shanga, tunatunga samaki, tunatunga mashairi. Mwanzoni mwa utungo wake Al-Inkishafi, mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaufananisha na mkufu wa lulu. Ukali wa nidhamu uko hapo: shairi la mizani 16 kwa mshororo halikubali 15 wala 17.

Kuna wanaoniletea hoja ya askari, kwamba nidhamu ya jeshi ni mjeledi. Sultani Selim III wa Uturuki alipounda jeshi jipya mwishoni mwa karne ya 18, liliitwa Nizam-i Cedid. Nizam ni nidhamu hiyo hiyo, na maana ya jina zima ni mpango mpya. Mjeledi haumo.

Mkorogo huu wa nidhamu na adhabu, naona, umeletwa na adabu, neno la tatu lenye mzizi wake. Tumezoea kusema "mtie adabu" tukimaanisha mchape. Adabu ikasikika adhabu, na nidhamu ikaburutwa nyuma yao. Mtoto anakua akiamini kwamba mpangilio ni maumivu.

Basi tuseme tunachokusudia. Agizo la mkubwa ni amri. Katazo ni marufuku. Heshima na mwenendo mwema ni adabu. Kuchapa ni adhabu, na katika shule za Kenya viboko vimepigwa marufuku tangu 2001. Katiba ya 2010, ibara ya 29, nayo inavikataza. Anayetaka nidhamu aanze hapa: kengele ilie kwa wakati, mwalimu awe darasani, zamu zijulikane, kanuni ziandikwe na zimbane kila mtu, mwalimu mkuu akiwemo.